Unene wa Flanji: Ushauri kwa Mafundi wa Mabomba wa Bukavu

Bukavu ni mji wa miteremko. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na watu wamejenga kuanzia kwenye rasi zinazoingia majini hadi juu kabisa ya vilima vya Kadutu na Bagira. Anayetaka maji kilimani hana budi kuyasukuma, na kila mita kumi za kupanda zinadai karibu bari moja ya presha kule chini penye pampu. Tangi likiwa mita 150 juu ya pampu, flanji ya kwanza baada ya pampu inabeba karibu bari 15 hata usiku wa manane, maji yametulia na hakuna anayechota. Fundi anatazama flanji iliyogongwa alama PN16, yaani bari 16, anaona 16 inazidi 15, anakaza buloni, anaenda zake. Makala hii ni kwa ajili yake, na kwa ajili ya kamati za maji, wakuu wa karakana na wasimamizi wa vituo vya afya wanaomlipa.

Hesabu yake imesahau mambo mawili. La kwanza ni umeme. Delestaji, yaani mgao wa umeme, inapokata pampu ghafla, maji yaliyokuwa yakipanda husimama, hurudi nyuma kwa uzito wake wote na kugonga valvu inayozuia maji yasirudi. Katika bomba la chuma, pigo hilo linaweza kuongeza karibu bari 12 kwa kila mita moja kwa sekunde ya mwendo uliokatika. Mrusi Nikolai Joukowsky alilipima jambo hili mjini Moscow mwishoni mwa karne ya 19, na hesabu yake ndiyo tunayotumia hadi leo. Jumlisha 15 na 12, unapata 27. PN16 imeachwa mbali, na PN25 nayo imezidiwa. Kwenye laini kama hiyo utafunga flanji za PN40 sehemu ya chini, au utaweka tangi la hewa karibu na pampu ili lipunguze pigo. Mjini ambako umeme hukatika mara kwa mara, pigo la maji lihesabiwe kama mzigo wa kila siku.

La pili ndilo nitakalokaa nalo zaidi. Ile 16 si sifa ya chuma chochote kilichokatwa duara na kutobolewa matundu. Ni ahadi yenye masharti: unene fulani, aina fulani ya chuma, na joto la kawaida. Ukivunja sharti moja, namba iliyogongwa ukingoni haikuhusu tena.

Tuanze na unene. Wengi hudhani flanji hushindwa kwa sababu maji yanaisukuma. Mara nyingi inayoitesa ni buloni zake yenyewe. Buloni ziko nje, gasketi iko ndani zaidi. Unapokaza unavuta ukingo huku gasketi ikizuia sehemu ya ndani isifuate. Chuma kinapinda. Kikiwa chembamba, kinajikunja kama sinia lililobanwa ukingoni: kingo mbili zinakaribiana, uso wa ndani unaachana, na gasketi inabaki imeshikwa kwa nje tu. Hapo matone yanaanza. Fundi akiyaona anakaza tena, na kila mzunguko wa spana unaongeza kupinda kulekule kulikoleta matone.

Katika kupinda, nguvu ya bamba hufuata mraba wa unene wake, na ukakamavu wake hufuata unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Chukua flanji bapa ya DN100 (ya bomba lenye kipenyo cha milimita 100 hivi), PN16. Kanuni ya Ulaya EN 1092-1 inaitaka iwe na unene wa milimita 22. Ile yenye shingo ya kuchomelea inaruhusiwa 20, kwa kuwa shingo inaisaidia. Karakana haina bamba la 22, inakata la 16. Mteja anaambiwa, «ni milimita sita tu». Fanya hesabu: 16 kwa 22 ni 0.73. Mraba wake ni 0.53. Nguvu imebaki nusu na kidogo. Ukakamavu, ndio unaoshikilia gasketi isivuje, umeshuka chini ya asilimia 40. Kipimo kimepungua kidogo kwa macho, lakini ile flanji haistahili tena kuitwa PN16, hata kama matundu yake yanaoana na ya mwenzake vizuri kabisa.

Flanji za kuziba, zile zisizo na tundu katikati, zinadhulumiwa kuliko zote. Bomba linafungwa mwisho «kwa muda», mtu anaokota bamba lolote, na ule muda unakuwa miaka. Kwenye DN200, bari 16 zinasukuma kifuniko kwa nguvu ya karibu tani tano. Unene unaohitajika unakua sambamba na kipenyo: bomba likiwa pana mara mbili, kifuniko kiwe kinene mara mbili kwa presha ileile. Presha ikizidi mara mbili, unene uongezeke karibu mara 1.4. Kwa hiyo bamba lililoshika vizuri miaka kumi kwenye bomba la inchi nne si ushahidi kwamba litashika kwenye bomba la inchi nane.

Sasa twende dukani, maana makosa mengi yanazaliwa pale. Vifaa vinavyofika Bukavu vinatoka pande nyingi: vingine vimepita Dar es Salaam au Mombasa na kuvuka Rwanda, vingine vimeng'olewa kwenye mitambo ya zamani. Kwenye rafu moja utakuta flanji za PN za Ulaya na za Klasi za Marekani zimechanganywa. Ndugu fundi, usiende bila kalipa na rula ya chuma. Macho hayatoshi, na nitakuonyesha kwa nini.

Flanji ya DN50 PN16 na ya DN50 PN40 zina kipenyo kilekile cha nje, milimita 165, matundu manne yaleyale, mzingo uleule wa matundu wenye kipenyo cha 125. Ukizipanga moja juu ya nyingine zinalingana kabisa. Tofauti iko kwenye unene: zenye shingo ni 18 kwa 20. Kwa DN80 ni hivyohivyo: kipenyo 200, matundu manane kwenye mzingo wa 160, lakini PN16 ina unene wa 20 na PN40 ina 24. Muuzaji anayekuambia «hii ni ya arobaini» huenda haongopi kwa makusudi. Naye ameuziwa hivyo. Pima. Kwa vipenyo hivi unene ndio kitambulisho kilichobaki pale alama inapokuwa imefutika.

Ukipanda hadi DN200 mambo yanageuka: PN10 ina buloni nane, PN16 ina kumi na mbili, na hapo hata asiye na kalipa atagundua. Ila kuanzia DN150 kushuka, PN10 na PN16 zinatumia matundu yaleyale, kwa hiyo usijifariji kwamba ukihesabu matundu umeshajua PN.

Za Marekani, zinazofuata kanuni ya ASME B16.5, zina mtego wao. Klasi 150 haimaanishi bari 150. Kwa chuma cha kawaida cha kufuliwa, kile cha alama A105, Klasi 150 inabeba bari 19.6 ikiwa baridi. Klasi 300 inabeba 51.1. Angalia inchi nne: Klasi 150 ina unene wa karibu milimita 24, Klasi 300 karibu 32. Theluthi moja ya unene imeongezeka, buloni zimenenepa kutoka inchi 5/8 hadi 3/4, na presha imepanda zaidi ya mara mbili na nusu. Unene na buloni vinakua pamoja. Kuongeza kimoja na kuacha kingine ni kazi bure.

Na tafadhali, usilazimishe ndoa kati ya PN na Klasi. Kwa DN100, zote mbili zina matundu manane, lakini mzingo wa PN16 ni 180 na wa Klasi 150 ni 190.5. Fundi anawasha gesi, anayarefusha matundu yawe na umbo la yai, buloni zinapita. Ameondoa chuma palepale kinapohitajika, ameunguza uso ambao nati inakalia, na buloni sasa zinavuta mshazari. Zipo zinazokubaliana: inchi sita ya Klasi 150 ina mzingo wa 241.3 na DN150 PN16 ina 240, matundu manane kila moja, nazo hufungana bila vurugu. Hata hapo, kiungo kizima kinahesabiwa kwa flanji iliyo dhaifu kati ya mbili.

Joto ndilo sharti linalosahaulika kuliko yote, labda kwa sababu wengi wetu tumejifunza kazi kwenye maji baridi. Bukavu ina mvuke pia. Viwanda vya bia na vya kwinini huuhitaji, na hospitali zinazosafisha vyombo vya upasuaji kwa mvuke zina boila zao. Chuma kikipata joto kinalegea, muda mrefu kabla hakijabadilika rangi. Ile Klasi 150 ya A105 iliyobeba bari 19.6 ikiwa baridi inabeba 17.7 kwa nyuzi 100, 13.8 kwa nyuzi 200, na 10.2 tu kwa nyuzi 300. Unene ni uleule, buloni zilezile. Karibu nusu ya uwezo imekwenda na joto.

Sasa mfano ambao ningependa kila mwenye boila audurusu. Boila imepangwa bari 10 kwenye manometa. Mvuke wa bari 10 una joto la nyuzi 184 hivi. Mtu ananunua flanji za PN10, kwa kuwa 10 ni 10. Kwa chuma cha kawaida kama P245GH, flanji ya PN10 inaruhusiwa bari 10 ikiwa baridi, 8.8 kwa nyuzi 150 na 8.3 kwa nyuzi 200. Kwenye joto la mvuke ule inaruhusiwa bari 8.5 tu. Imezidiwa tangu siku ya kwanza, na anayesimama karibu nayo hana habari. PN16 mahali pale inaruhusiwa karibu 13.5, na hiyo ndiyo ya kufunga. Mvuke ukivuja hauloweshi sakafu kama maji. Unababua ngozi, na ukitoka kwa kasi kubwa hauonekani pale unapotokea.

Kuna wanaouliza kama kimo cha Bukavu kinabadilisha hesabu hizi, kwa kuwa maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa flanji, hapana. Tofauti ya presha ya hewa ya hapa na ya pwani haifiki hata robo ya bari, nawe ufuate manometa yako bila wasiwasi.

Ipo pia imani kwamba inoksi, kwa kuwa ni ghali, ina nguvu kuliko chuma cheusi. Inashinda kutu, hilo ni kweli. Lakini flanji ya Klasi 150 ya inoksi 316L inaruhusiwa bari 15.9 ikiwa baridi, dhidi ya 19.6 za A105. Kwa nyuzi 100 ni 13.3 dhidi ya 17.7. Unene wao ni mmoja. Ukibadilisha chuma cheusi kwa inoksi kwenye laini iliyokuwa karibu na kikomo chake, umeshusha kikomo.

Je, basi, dawa ni kuongeza unene kila mara? Hapa ndipo hata mafundi wazuri hujikwaa. Bamba nene la chuma halina nguvu ileile kwa kila milimita kama bamba jembamba la aina hiyohiyo. Linapotengenezwa, lile jembamba hubanwa sana na kupoa upesi, chembe za chuma zinakuwa ndogo na kushikana. Lile nene hupoa polepole katikati, chembe zinakua. Chuma cha P265GH, kinachotumika sana kwa boila na mitungi ya presha, kinahesabiwa nyutoni 265 kwa kila milimita ya mraba kabla hakijaanza kunyooka moja kwa moja, lakini hadi unene wa milimita 16 tu. Kutoka hapo hadi 40 ni 255; hadi 60 ni 245; hadi 100 ni 215. Kwa sababu hiyo EN 1092-1 inatazama unene wa chuma chenyewe inapotoa viwango vya presha kwa kila joto. Kwa flanji ndogo za mjini tofauti hizo ni ndogo. Kwa bomba kubwa la kulisha tabini, kama yale ya mabwawa ya mto Ruzizi, mhandisi hawezi kuzipuuza.

Bamba nene lina tatizo jingine: linaweza kuwa na tabaka ndani lisiloonekana kwa nje, na flanji iliyokatwa humo itafunguka kama kitabu inapovutwa. Flanji zilizofuliwa hazina sana ugonjwa huo, na ndiyo maana ASME inataka flanji zenye shingo zifuliwe au zisubiwe, zisichongwe kutoka kwenye bamba. Kisha kuna mvuke kuingia kwenye laini baridi: flanji nene inachelewa kupata joto, buloni zake zinachelewa zaidi, ndani kunatanuka nje kukiwa bado. Fungua valvu kidogokidogo na utoe maji yaliyolala bombani. Anayefungua kwa haraka anaharibu gasketi ya kiungo kizuri.

Unene pia hupotea. Uso wa gasketi ukichakaa, flanji inapelekwa kwenye mashine ya kerezo, inakwanguliwa milimita moja, mwaka mwingine moja na nusu. Kanuni ya ASME inaruhusu flanji ndogo kuzidi unene kwa milimita 3, lakini kupungua hairuhusu hata kidogo. Kwa hiyo pima kabla ya kukwangua, pima baada, na uandike. Kutu nayo inakula kati ya flanji mbili, mahali brashi haifiki, hasa kwenye mashimo ya valvu yanayojaa maji ya mvua.

Na ardhi yetu yenyewe inasukuma. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilibomoa nyumba Bukavu na ng'ambo ya Ruzizi; kule Funu, Kadutu, mteremko mzima unashuka polepole mwaka hadi mwaka, na wanajiolojia wameupima. Bomba lililozikwa kwenye ardhi inayotembea linavuta flanji zake mshazari, na mvuto huo unakula sehemu ya uwezo uliotengewa presha. Mahali kama pale usichague flanji inayotosha kwa shida. Panda daraja moja, na uweke kiungo kinachoweza kupinda kabla na baada ya eneo hilo. Flanji nene peke yake kwenye ardhi ya Funu itahamisha tu mahali pa kuvunjika, kutoka flanji hadi bomba.

Kuhusu fonti, chuma cha kusubu cha pampu na valvu za zamani, neno moja: haipindi, inapasuka. Flanji ya chuma yenye uso ulioinuka isikutanishwe na flanji ya fonti yenye uso bapa. Unapokaza, sikio la fonti linakatika. Ondoa ule mwinuko kwenye kerezo, ukihakikisha unene unaobaki unatosha, na tumia gasketi pana inayofika hadi ukingoni. Gasketi yenyewe ifuate joto: mpira kwa maji baridi, grafiti kwa mvuke. Mpira wa tairi haufai kwa mvuke hata kwa siku moja.

Kabla ya kukabidhi kazi, jaza laini maji baridi na uisukume hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi, bila kupita mara moja na nusu ya ile ambayo flanji inaruhusiwa ikiwa baridi, uiache, uzunguke kila kiungo. Usifanye jaribio hilo kwa hewa; hewa iliyobanwa ikipata upenyo inarusha vyuma. Na laini ya mvuke ikifaulu jaribio la maji baridi, umejua kwamba haivuji ikiwa baridi. Uwezo wake kwenye nyuzi 184 bado unatoka kwenye jedwali, kwa unene uliopima na chuma unachokijua.

Ukigundua flanji uliyonayo ni nyembamba kuliko inavyotakiwa, usiitupe. Chuma ni ghali hapa, na flanji ya milimita 16 inaweza kufanya kazi kwa miaka kwenye bomba linaloteremka kutoka tangini hadi kioski cha maji mita 20 chini yake, ambako presha ni bari mbili. Futa ile alama ya PN kwa tupa, andika unene halisi kwa kugonga herufi, upake rangi tofauti, na uiweke kwenye kreti yake. Mwambie kijana anayejifunza kazi kwako kwa nini iko kwenye kreti hiyo, ili siku usipokuwepo asiitoe na kuifunga penye pampu.